Eti ni wadudu tu!

Wadau, hapa Kentucky viwavi wameshafuma utando kwenye micheri pori. Jirani yangu ana farasi mwenye mimba, na mti wenyewe uko pale pale kwenye uzio. Nikamwambia aukate, akacheka: "Nesi, hao ni wadudu tu!"

Jamani! Mwaka 2001 maelfu ya farasi walipoteza mimba hapa hapa. Kwanza ikashukiwa sumu ya majani ya mcheri, kumbe ni kiwavi mwenyewe. Farasi akimla pamoja na nyasi, vinywele vyake huchoma utumbo, na wataalamu wanaona bakteria hupitia hapo. Mimi wodini naogopa kitundu kimoja cha sindano, sembuse hivyo!

Kama anauonea mti huruma, basi amhamishe farasi mpaka viwavi waishe. Jumamosi sina zamu, nitakwenda kumsaidia.