Kabla sijatoa figo: waraka wa wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mdogo wangu husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nimekubali kumpa figo yangu moja, na mke wangu ameridhia baada ya vikao viwili vya ukoo. Nina miaka 48, nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Urambo, sina kisukari wala shinikizo la damu. Nimepimwa kundi la damu, mlingano wa tishu, mkojo na picha ya figo. Yote yametoka vizuri. Kimebaki kipimo kimoja, cha jeni. Nilipokiulizia hospitali nilijibiwa kwa upole kwamba hakimo kwenye orodha. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Babu yangu alikuwa mtoto wakati serikali ya Kiingereza ilipowahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika, miaka ya 1920 na 1930, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja kuwaepusha na malale. Miombo ilijaa mbung'o, ndorobo kama tunavyomwita huku. Alitusimulia jinsi watu walivyoacha makaburi ya wazee wao na mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, na jinsi shangazi yake alivyokuwa akisinzia na mwiko mkononi, mpaka asubuhi moja wakamwamsha asiamke. Lakini wapo walioumwa na ndorobo haohao wasipatwe na lolote. Hao, alisema babu, walikuwa na damu chungu.

Babu hakukosea sana. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1, ambayo huua vimelea wa jamii ya malale. Kimelea wa malale ya huku kwetu, rhodesiense, ana silaha ya kuizima protini hiyo. Baadhi ya Waafrika, hata hivyo, wamerithi jeni ya APOL1 iliyobadilika kidogo. Wanasayansi huyaita mabadiliko hayo G1 na G2, na G2 ndiyo hasa inayomponyoka rhodesiense. Nakala moja tu, ya baba au ya mama, yaweza kumkinga mtu. Mwaka 2010 watafiti wakatangaza upande wa pili wa urithi huo: aliyepata nakala mbili, moja kwa kila mzazi, yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo zake kuharibika. Kilichomwokoa babu porini chaweza kumgeukia mjukuu.

Naomba nieleweke. Wengi wenye nakala mbili huzeeka na figo zao zikiwa nzima, na sitaki waraka huu umrudishe nyumbani ndugu yeyote aliyekwisha kujitolea. Ronald Herrick, aliyempa figo pacha wake huko Boston tarehe 23 Desemba 1954 katika upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, aliishi na figo moja kwa miaka 56. Kutoa figo si kujiua. Ila mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wachangiaji 136 Weusi walio hai. Kumi na tisa kati yao walikuwa na nakala mbili, na figo iliyobaki kwao ilichoka upesi kuliko ya wenzao. Wawili waliishia kushindwa kabisa kwa figo. Na si mtoaji peke yake anayeguswa. Figo zilizotolewa kwa marehemu wenye nakala mbili zimeonekana kufa mapema ndani ya miili ya waliopandikizwa. Ikiwa yangu ni ya aina hiyo, nitakuwa nimejipunguzia mimi bila kumwongezea mdogo wangu.

Takwimu hizo ni za Wamarekani ambao asili yao kwa sehemu kubwa ni Afrika Magharibi. Sisi je? Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo, kisha Ujiji na ng'ambo ya ziwa, au kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi, Waarabu wa Oman wakajenga Kwihara, Wamanyema wakaletwa kutoka mashariki ya Kongo, wengi wao kwa minyororo. Bibi mzaa mama yangu alikuwa Mmanyema. Upande huo wa Kongo malale yake ni ya kimelea mwingine, gambiense. Kwa hiyo katika nyumba moja ya Urambo au Kaliua zimekutana damu zilizopigana na malale ya aina mbili. Sijui sehemu nyingine nchini ambako swali hili lina haki zaidi ya kuulizwa, na kituo chenu kiko hapahapa mjini Tabora, kituo ambacho kwa miaka mingi jina lake limekwenda pamoja na utafiti wa malale.

Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Ni fahari yetu. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Wachangiaji wetu ni ndugu walio hai, na ndugu wa mgonjwa ndiye anayechota kwenye kisima kilekile cha urithi. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi.

Naomba, basi, mpime ni wangapi katika mkoa wetu wana nakala moja na wangapi wana mbili. Naomba pia mshirikiane na hospitali hizo kuwafuatilia waliotoa figo tangu 2017. Aliyepokea hurudi kliniki maisha yake yote kwa sababu ya dawa. Aliyetoa hurudi Sikonge kwenye shamba la tumbaku, na kama hakuitwa kupimwa kreatinini na shinikizo kila mwaka, hatakwenda. Kwake figo moja inafanya kazi ya mbili, na anajiona mzima.

Msiogope kwamba watu watakataa. Wanachokichukia ni damu kuchukuliwa na majibu yasirudi. Tarehe ya upasuaji wetu bado haijapangwa, na katika ukoo wetu tayari tumejiandikisha watu 14. Wa kwanza ni shangazi yangu mwenye miaka zaidi ya 80. Ametoa sharti moja: mtakapopata majibu, mje mwenyewe au mtume mtu amweleze kwa Kinyamwezi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa baiolojia, Urambo