Tenisi: damu ya Congo imeshinda Montréal, watoto wa huku kwetu wanakosa nini?

Mwezi wa nane 2025, Victoria Mboko, binti wa miaka 18, alishinda mashindano makubwa ya Montréal, inchini Kanada. Mu finali alimupiga Naomi Osaka wa Japani 2-6, 6-4, 6-1. Wazazi wake ni Wakongomani waliohama. Yeye alizaliwa Marekani, akakomea Kanada. Ndiyo maana watu wanauliza: kama damu ni yetu, mbona Bukavu, Goma ao Bunia haitoe mtu kama yeye?

Damu haichezi tenisi peke yake.

Kwanza ni familia. Mboko ni kitinda-mimba, na wakubwa wake walishika raketi mbele yake. Mtoto mwenye kuwa na mtu wa kucheza naye kila siku anaendelea mbio.

Pili, vifaa vya kulingana na umri. Tangu 2012, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) lilikataza mipira ya wakubwa mu mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake. Wanatumia mipira ya polepole, na kiwanja cha wadogo kabisa kina urefu wa metre 11 hivi. Nafasi kama ile inapatikana mu lupango ya masomo. Kamba moja inatosha kuwa wavu.

Tatu, wapinzani. 2022, Mboko alishindwa finali ya Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili. Kati ya wale waliomushinda ni Angella Okutoyi, Mkenya aliyelelewa na bibi yake kule Nairobi. Kwa hiyo, si lazima uzaliwe Ulaya. Lakini lazima usafiri, ukutane na wenye nguvu. Sada Nahimana wa Burundi aliondoka Bujumbura akaenda kufunzwa Maroko. Huku kwetu, mtoto hata kufika muji wa pili ni shida: pesa, barabara, vita.

Nne, mwili. Mboko alikaa muda mrefu inje ya kiwanja juu ya goti. Wanganga wa michezo wanashauri saa za mazoezi kwa juma zisipite miaka ya mtoto: wa miaka 10, saa 10. Abakishe nafasi ya kulala na kucheza michezo ingine.

Na vita je? 1999, Belgrade ilipigwa mabomu siku 78. Novak Djokovic, aliyetimiza miaka 12 wakati ule, aliendelea na mazoezi kwa sababu wazazi na mwalimu wake hawakumuacha. Hatusemi mtoto apelekwe kwenye risasi. Tunasema mutu mukubwa anayebaki karibu naye ana uzito kuliko raketi ya bei kali.

Basi wazazi na walimu wanaweza kuanza na kidogo. Viongozi nao wana lao: viwanja vya michezo visikatwe parseli. Mtoto asiye na kiwanja, hata akiwa na kipaji, nani atakiona?