Mwaniuliza Mimi, Kwani Maktaba Yafanya Kazi Gani?

Haya ndiyo maswali niliyopata wiki hii peke yake. Majina nimeyatoa, maneno ni yenu.

"Kaka, ritani za KRA mwisho lini, na kama sina kazi pia lazima nijaze?" "Bamvua ni lini mwezi huu, twataka kwenda kuvua kwa miguu." "Ejenti wa Qatar ataka nimpe pesa kwanza ndio nipate viza, nimpe?" "Fomu za basari za wadi zatolewa wapi?" "Vuli ya mwaka huu itakuwa ya kuingia majumbani ama ya kawaida?"

Sasa nisikizeni. Mimi ni mtu wa simu na taa ya kujirekodia. Kazi yangu ni kuwachekesha na kuwaonyesha viazi karai vya wapi vina ukwaju wa maana. Chuo niliacha mwaka wa pili. Sikusomea ushuru, sikusomea hali ya hewa, na viza sizijui. Na bado mwaniuliza mimi kabla hamjamuuliza mtu mwengine yeyote. Mwadhani nafurahi? Hiyo si sifa yangu. Ni dalili kwamba kuna mahali palipofaa kujibu maswali haya, na mahali hapo tumepageuza chumba cha kusomea mtihani.

Nasema maktaba, ndio. Usikimbie.

Mombasa ina maktaba ya taifa pale Msanifu Kombo. Ina maktaba ya Seif bin Salim mjini, jina ambalo wengine wetu twalipita kila siku na hatujawahi kuuliza ndani kuna nini. Lakini muulize kijana wa Kibokoni, wa Majengo, wa Tudor: maktaba ni nini? Atakwambia ni pale watu wa fomu foo waendapo mwezi wa kumi kutafuta kimya. Mtihani ukiisha, stori imeisha. Yaani kwa mawazo yetu maktaba ni kiti, meza na "shhh". Mvuvi hana haja nayo, wala mama wa mahamri, wala wewe uliyemaliza shule ukakaa nyumbani miaka miwili.

Hapo ndipo tulipoibiwa, na wengi hatujashtuka.

Najua jibu lako. "Kila kitu kiko kwa Google." Sawa, kiko. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na wa vuli. Mamlaka ya Bandari huchapisha majedwali ya maji kujaa na kupwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala walioruhusiwa kupeleka watu nje. Hakuna siri hata moja. Lakini habari hiyo iko kama dafu juu ya mnazi: mwenye kujua kukwea ndiye anywaye. Iko kwa Kiingereza cha ofisini, ndani ya PDF, tovuti tano tofauti, na wewe una bando la shilingi ishirini ambalo limebaki dakika kumi. Kisha mwataka mama yangu mkubwa akwee mnazi huo?

Kwa hivyo watu hununua. Waenda saiba, mia mbili hapa, mia tatu pale, kujaziwa ritani ya sufuri ambayo kujaza kwake ni bure na ni dakika tano. Mwisho ni tarehe 30 Juni kila mwaka, na ukiwa na PIN wajaza hata kama huna kazi. Ukipitisha, faini ya mtu binafsi yaanzia shilingi 2,000. Hilo nimelijibu leo bure, na kesho mtaniuliza tena, kwa sababu posti yangu itakuwa imezama chini ya video ya paka. Sina ugomvi na mtu wa saiba, naye atafuta riziki. Ugomvi wangu ni kwamba kutojua kwetu kumekuwa soko, na wenye kulipa ni wale wasio nacho.

Na hiyo ni mia mbili tu. Lile swali la Qatar ni maisha ya mtu. Hapa mjini kila mtaa una msichana aliyeuza dhahabu ya nyanyake, ama mvulana ambaye familia imechanga, pesa zikaenda kwa "ejenti" mwenye ofisi ya wiki tatu. Orodha ya mawakala halali ikichapishwa kwa karatasi kubwa, ikabandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuingia, na pembeni akakaa mtu mmoja wa kukuonyesha jinsi ya kutafuta jina la kampuni, ni wangapi wangeokoka? Hiyo haihitaji jengo jipya. Yahitaji karatasi, gundi na mtu.

Mwengine atasema, "Kwani Huduma Centre si ipo pale Posta?" Ipo, na yasaidia. Lakini Huduma Centre ni mahali pa kwenda ukishajua wataka nini. Wapanga foleni ya cheti cha tabia njema kwa sababu ushaambiwa wahitaji cheti cha tabia njema. Maktaba ni ya yule ambaye hajajua hata aulize nini. Ni ya yule aingiaye na kusema, "Nimemaliza shule, sasa nifanyeje?" Swali hilo halina kaunta popote kisiwani, ndio maana laja kwangu saa sita usiku.

Na msifikiri hili ni jambo la kizungu. Mji huu ulikuwa na maktaba zake kabla ya kuitwa maktaba. Baraza za Mji wa Kale zilikuwa ni nini? Pale mtu alipata habari za jahazi, za bei, za nani ameoa na nani amefiwa. Wazee hawakuhitaji bando kujua bamvua: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji makubwa yafika. Kusi na kaskazi walizihesabu kwa siku. Na mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hapahapa Mombasa, alianzisha jarida dogo la Sahifa, kisha mwaka 1932 Al-Islah, ili watu wa pwani wasome mambo yao kwa lugha yao. Hakukuwa na intaneti. Kulikuwa na mtu aliyeona kwamba watu wasipopewa habari watabaki nyuma, akaona hilo ni jukumu lake.

Sasa baraza zimebaki na vikombe vya kahawa na simu, kila mtu ameinamia yake. Na simu ina tatizo moja ambalo sisi wa kontenti hatupendi kulisema, kwa hivyo nalisema mimi: haina tarehe. Video ya mwaka juzi kuhusu kufunguliwa kwa mikopo ya HELB yaibuka leo kama mpya, watu watuma kwa magrupu, wakimbilia tovuti, wapata imefungwa. Hakuna anayeifuta. Kwa nini aifute wakati yamletea watazamaji? Ubao wa maktaba una mtu ambaye kazi yake ni kubandua karatasi ya jana. Tofauti yote ni hiyo. Mimi nalipwa ukinitazama. Mkutubi alipwe ukitoka na jibu la kweli.

Ngoja niwaonyeshe ubao wenyewe, msiseme napiga domo tu.

Machi, kabla ya masika: utabiri wa mvua kwa Kiswahili cha kueleweka, mitaa ya kuwa na hadhari, namba za dharura. Tumeona Novemba 2023 maji ya El Niño yalivyoingia majumbani. Mvua zikianza, karatasi ya mbu. Mwishoni mwa 2017 mpaka 2018 chikungunya ilitulaza mji mzima tukitembea kama wazee, na wengi walikuwa wakilaumu mitaro. Mbu yule huuma mchana, na hutaga kwenye maji safi: mitungi, ndoo, matangi ya juu. Sisi Mji wa Kale maji tunayaweka ndani kwa sababu mfereji hauaminiki. Habari hiyo moja ni funiko la tangi, na funiko ni rahisi kuliko hospitali.

Juni: ritani, na mtu wa kukaa na wewe kwa kompyuta mpaka umalize mwenyewe. Kusi likivuma: ilani za bahari kwa wavuvi wa mashua ndogo. Ramadhani: nyakati za futari na daku, na masaa ya ofisi. Matokeo ya KCSE yakitoka: KUCCPS, HELB, basari, vyuo vya ufundi, tarehe zote ukuta mmoja. Na mwaka mzima: zabuni za AGPO, zile asilimia 30 za zabuni za serikali walizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wangapi kati yenu mwajua hilo lipo?

Februari pia, joto likituchemsha: fungua milango, weka feni na maji ya kunywa, wazee waje wakae. Uingereza majira ya baridi ya 2022 maktaba ziliwakaribisha watu waote joto kwa sababu umeme ulikuwa ghali. Sisi tatizo letu ni kinyume tu, wazo ni lilelile.

Nani atalipa? Hapa ndipo nataka hasira zenu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja maktaba kwa jina kuwa ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 35 chasema kila raia ana haki ya kupata habari iliyoko kwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yataka ofisi za umma zitoe habari zenyewe, na ukiomba kwa maandishi wajibu ndani ya siku 21. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hivyo hatuombi hisani. Karatasi ya Kiswahili kwenye ukuta wa maktaba ni haki iliyoandikwa.

Na makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi. Vikao hivyo nani huenda? Wazee kumi na watu wa chama. Sisi tuko Mama Ngina twapiga picha za machweo. Kisha twalalamika.

Mwaka huu twendeni tukiwa na ombi moja, fupi, la kuandikwa: kila maktaba ya umma Mombasa iwe na ubao wa msimu kwa Kiswahili, dawati moja la maswali, na mtu mmoja wa kulikalia. Mtu huyo hata awe kijana wa hapa mjini, kazi zenyewe ndizo tuzitafutazo.

Nami nimeshaandika barua yangu, ukurasa mmoja. Nakala iko kwenye posti ya kwanza juu ya ukurasa huu: ichukue, badilisha jina, tia sahihi, peleka. Na ukiwa na swali la ritani wiki hii, kabla ya kunitumia mimi, pita maktaba uliulize pale kwa sauti. Wakikosa jibu, waombe waandike kwamba swali limeulizwa. Tukiwa mia kwa wiki moja, hawatasema tena kwamba watu wa Mombasa hawana haja ya maktaba.