Wajenzi wa Siku Moja

Mhariri amenipa ukurasa huu nitoe la moyoni, nami nitalitoa bila kuzungusha. Imekuwa desturi vijana kukodi matatu, kuvaa fulana za rangi moja na kwenda kumjengea maskini nyumba. Jambo zuri. Sina ugomvi na moyo wa kujitolea. Ugomvi wangu ni na huku kujenga asubuhi, kupiga picha saa kumi na kupotea.

Anayeijua nyumba ya udongo anajua kwamba haitaki haraka. Nguzo zikishasimama na fito kupigiliwa, udongo hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, kisha ukuta hukandikwa. Mkandiko huo wa kwanza ukikauka hupasuka, maana maji yanatoka. Ndipo watu hungoja siku kadhaa, hata majuma, wakarudia mkandiko wa pili kuziba nyufa, halafu wakapaka udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe au jivu. Sasa niambieni, mtu wa siku moja atayafanya hayo lini?

Karibu na shule yetu yuko nyanya mmoja mjane anayelea wajukuu wanne. Kikundi fulani kutoka mjini kilimjengea nyumba likizo ya Agosti iliyopita, nasi wanachama tukaenda kubeba maji. Walifanya kazi kwa bidii, siwanyimi sifa. Lakini mlango waliuelekeza barabarani, ati nyumba ipendeze. Nyanya akasema kwa upole, "Wanangu, mvua ya hapa hutoka upande huo." Hakuna aliyemjibu. Jioni ikawa nyimbo, soda, picha, kwaheri. Baada ya wiki mbili ukuta ulikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na mvua za Novemba zikaingia mlangoni hadi kitandani. Waliokandika upya ni nyanya mwenyewe na jirani zake, nasi tukawasaidia Jumamosi mbili mfululizo.

Hao jirani hawakuwa na fulana. Walifanya tu kile wazee wetu walichokijua zamani, kabla neno harambee halijawa wito wa taifa mwaka 1963. Wakikuyu hukiita ngwatio, Wakamba mwethya. Leo kwangu, kesho kwako. Anayesaidiwa ana zamu yake ya kusaidia, hivyo hainamishi kichwa mbele ya mtu.

Hata ng'ambo wapo waliolielewa hilo. Shirika la Habitat for Humanity lilianzishwa Marekani mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda, likaingia Kenya mwaka 1982. Halikuanza kwa kugawa nyumba bure. Familia ilitoa jasho lake pamoja na wajenzi, kisha ikalipa gharama kidogo kidogo bila kutozwa faida. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alianza kujenga nao mwaka 1984, na mwaka 2019, akiwa na miaka 95, alikuwa bado kazini. Miaka 35 jamani! Kamera zilimfuata, ndiyo, lakini nani atasema yeye ndiye aliyezifuata?

Nasikia mtu akiuliza: mwanafunzi ana masomo, majuma matatu atayatoa wapi? Swali la haki. Basi tusianze nyumba nzima. Tuchimbe choo kimoja tukimalize, au tuezeke jiko, au twende tukaweke mkandiko wa pili pale wengine walipoachia. Mkandiko wa pili hauna sherehe, lakini ndio unaozuia baridi.

Chama chetu kinataka kupanga safari mwaka ujao. Katika mkutano wa muhula wa kwanza nitaomba tupige kura juu ya mambo mawili: mwenye nyumba aulizwe mlango utazame wapi kabla jembe halijagusa ardhi, na tarehe ya kurudi iandikwe kabla ya tarehe ya kwenda. Tena kazi ya kuanzia ipo. Nyanya anataka mlango wake ugeuzwe kabla ya masika, na fito tayari anazo.