Jiwe Lathibitisha Nini? Neno Juu ya Kufundisha Miamba Geu

Twaona mara nyingi katika mazoezi ya kufundisha kwamba somo la miamba geu huishia kwenye orodha: jiwe la chokaa hugeuka marumaru, jiwe la mchanga hugeuka kwazaiti. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, kisha husahau. Kosa si lake. Hakuulizwa jiwe lathibitisha nini.

Natuchukue jiwe la naisi kutoka Usambara. Mistari yake myeupe na myeusi, pamoja na punje nyekundu za ganeti, ni dalili ya joto kali na mkandamizo wa kina cha zaidi ya kilometa 25 chini ya ardhi. Ikiwa leo jiwe hilo laokotwa kilimani, je, mzigo wote uliolifunika umekwenda wapi? Swali hilo humfikisha mwanafunzi kwenye mgongano wa mabara, yapata miaka milioni 640 iliyopita, uliojenga safu ya milima iliyokwisha kumomonyoka. Usambara ya leo si milima ile. Ni mizizi yake, iliyoinuliwa baadaye pale gamba la dunia lilipopasuka.

Kwa hiyo twashauri: mwalimu aanze na jiwe mkononi, na swali litangulie jina.