KIGODA CHA BABU SI PEPO



Leo nitawakwaza baadhi yenu, lakini nimenyamaza vya kutosha. Kuna mtindo umeingia huku kwetu Kilifi. Mtu anaokoka Jumapili, ikifika Jumatano "timu ya ukombozi" iko kwake inachakura nyumba. Kigoda cha babu, nje. Kayamba, nje. Hando ambayo mama aliachiwa na mamake, hiyo pia nje. Mafuta ya taa, kiberiti, haleluya! Halafu wanapiga picha za moto na kuziweka kwa Facebook kama ushuhuda.

Mwezi uliopita mjane mmoja alinipigia simu usiku akilia. Walikuwa wamechoma kigoda alichochonga babamkwe kwa mikono yake. Mzee huyo aliokoka kabla hao vijana hawajazaliwa, na alikuwa akikalia kigoda hicho hicho kusoma Biblia yake kila jioni. Mama akaniuliza, "Pasta, hilo pepo lilikuwa kwa mguu gani?"

Andiko lao ni Matendo 19. Haya, tulisome lote. Pale Efeso waliochoma walikuwa watu waliofanya uchawi wenyewe, wakaleta vitabu vyao wenyewe kwa hiari yao, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Onyesha mahali Paulo aliingia nyumba ya mjane kutafuta kigoda. Hakuna! Kisha nenda Kutoka. Waisraeli walitoka Misri na dhahabu, fedha na nguo za Wamisri, watu walioabudu miungu kila kona. Mungu hakusema zichomwe. Sehemu ya dhahabu hiyo wakaifanya ndama, ndiyo, na wakaadhibiwa. Lakini sura chache mbele watu wanaleta pete za masikio na bangili, zinajenga hema la Bwana. Dhahabu ilitoka nchi moja, tofauti ilikuwa kwa mioyo. Na yale mawe 12 ya Yordani katika Yoshua 4 yaliwekwa kwa nini, kama si watoto wayaone na kuuliza habari za baba zao?

Najua mtaniuliza, "Pasta, na vigango?" Hapo kuna swali la kweli na sitalikwepa. Kigango ni nguzo ya kumkumbuka mzee wa Gohu, na watu hukimwagia tembo. Simwambii aliyeokoka akamwage tembo. Wafu hatuwaombi. Lakini kutoabudu kitu ni jambo moja, na kuking'oa shambani kwa mwenzako ni wizi, na wizi uko kwa zile amri kumi.

Mzee Kalume Mwakiru alisimamisha vigango viwili vya ndugu zake. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani akampiga picha akiwa navyo, na muda mfupi baadaye vikaibwa. Kimoja kilikuja kuonekana chuo kikuu Illinois, kingine chuo cha Hampton kule Virginia. Ile picha ndiyo iliyosaidia kuvitambua. Vilirudi nyumbani mwaka 2007, mzee akiwa ameshafariki. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vingine 30. Wafanyabiashara waliviuza huko ng'ambo kwa maelfu ya dola. Ukimfundisha kijana kwamba kila kitu cha babu yake ni takataka ya Shetani, usishangae akikiuza kwa bei ya soda.

Na tuangalie unafiki wetu. Kinanda cha Japani kinaingia madhabahuni, tunakichomeka kwa stima na kuimba, hakuna aliyekikemea. Kayamba, iliyotengenezwa kwa matete na mbegu hapa Ganze, ndiyo tunaitilia shaka. Suti umenunua mitumba, hujui aliivaa nani wala alifanya nini ndani yake, unahubiri nayo jua la saa saba ukitokwa jasho, na hiyo ndiyo tunaita heshima. Hando ya nyanya yako ndiyo ina "maagano ya ukoo". Tena wapo watumishi wanaokuchomea kigoda asubuhi, na jioni wanakuuzia bangili ya mpira ya "upako" kwa shilingi 500. Ngoja nikuulize: hirizi ni ipi hapo?

Kama kuna kitu nyumbani ambacho wewe mwenyewe ulikitumia kwa uganga, kilete, tutaomba na tutakichoma pamoja, mimi nitawasha moto. Lakini atakayekuja kwako na kiberiti bila wewe kumwita, usimfungulie mlango. Nipigie simu, hata kama ni saa nane za usiku, nitakuja.

Jumapili, ibada ya pili, tutaimba na kayamba. Akina mama wenye hando, vaeni.