Rubani Ajirushe, Asijirushe?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea karibu wiki tatu, msininunie. Testi zilitubana, bumu likachelewa, na mtu akikosa hata hela ya chai na chapati hawezi kuwaza bando la kuwaandikia nyie. Leo nimepata upenyo. Rumeti wangu kalala, taa imezimwa, naandika gizani kama mwizi.

Jumamosi mama mdogo alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi umeongea na kaka yako? Anataka kwenda Mombasa kujirusha."

Nikacheka. Nikamwambia mama, kijana ana miaka 23, kafungiwa na vitabu Nairobi mwaka mzima, muache ajirushe kidogo, si dhambi. Kimya kikapita. Halafu akasema, "Kutoka kwenye ndege, we mtoto!"

Kwa wasiomjua, huyu kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anasomea urubani pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Siyo masomo ya mkopo wa bodi haya. Mama mdogo aliuza kiwanja chake cha Kibaha, ukoo ukachanga, mjomba akatoa ng'ombe wawili. Sasa yeye na wenzake wamepanga likizo ijayo waende Diani, kusini mwa Mombasa, ambako watu hupandishwa na ndege ndogo, wakaruka na mwavuli mgongoni na kutua kwenye ule mchanga mweupe. Mama mdogo hoja yake ni moja na sijaweza kuipangua hadi leo: "Niliuza kiwanja ajifunze kuirusha ndege, siyo kuiacha."

Nikaombwa mimi, kama msomi wa ukoo (teh teh, mwaka wa pili ualimu), nikamkanye. Nilikubali haraka. Lakini kabla ya kumkanya mtu lazima ujue unachomkanya, kwa hiyo nikaanza kusoma, na huko ndiko nilikoharibikiwa.

Jumatatu niliipeleka hoja vimbwetani tulipokuwa tunasubiri diskasheni. Jamaa mmoja wa uhandisi akajibu kabla sijamaliza: lazima rubani ajue kuruka, kama baharia anavyolazimika kujua kuogelea. Wote wakasema kweli bwana. Na mimi nilitaka kusema kweli bwana, ila nilikuwa nimeshasoma kidogo. Ule mfano wa baharia una tobo. Baharia meli ikizama anaingia majini atake asitake. Rubani wa ndege kubwa ya abiria hana hata huo mwavuli wa kuvaa. Ndege ile iko kilomita 10 juu, inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri na hewa ya kuvuta ni kama hakuna. Milango yenyewe imebanwa na msukumo wa hewa ya ndani, huwezi kuifungua huko juu hata mkijipanga wanaume kumi. Na tuseme imefunguka: rubani ashuke na mwavuli awaache abiria 150 na mikanda yao? Kwa hiyo anayesema rubani wa abiria ajifunze kuruka ili siku moja ajiokoe, huyo hajafikiri.

Kwa ndege kubwa mimi nasema fedha ya kuruka ikitumike kwenye glaida, ile ndege isiyo na injini. Ushahidi ninao, na walimu wenzangu wa hisabati sikilizeni vizuri, manake hii ni kesi yenu. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilitoka Montreal kwenda Edmonton. Kanada ilikuwa ndiyo inahamia vipimo vya metriki. Waliojaza mafuta wakapiga hesabu ya kilo kwa kutumia namba ya ratili, na ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Injini zote mbili zikazimika hewani. Kapteni, Bob Pearson, alikuwa na mazoea ya kurusha glaida. Ile ndege kubwa akaishusha kimya kimya hadi uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, ambao siku hiyo ulikuwa unatumika kwa mashindano ya magari. Akajikuta yuko juu mno na anakaribia kuupita uwanja. Akaipeleka ndege ubavuubavu, ujanja wa watu wa glaida, ipoteze kimo bila kuongeza mwendo. Watu 69, wote wakatoka hai. Mwanafunzi wako akikuuliza vipimo vina faida gani maishani, mpe hiyo.

Sasa, kaka yangu akimaliza hataanza na Boeing. Ataanza na vile vindege vya injini moja vinavyopeleka watalii mbugani, na kabla ya hapo atakuwa anarusha vidogo zaidi, peke yake au na mwalimu. Na hapa ndipo msimamo wangu ulipoanza kuyumba.

Mnamkumbuka Charles Lindbergh, yule Mmarekani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, New York hadi Paris? Huyu aliruka kwa mwavuli mwaka 1922 kule Nebraska akiwa na miaka 20, kabla hajawahi kurusha ndege peke yake. Aliruka kwa kutaka. Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi 1925, akiwa mwanafunzi wa urubani jeshini huko Texas, akagongana na mwenzake hewani, wakaruka wote wawili na wakapona. Hadi mwisho wa 1926 alikuwa ameiacha ndege hewani mara nne, mbili kati ya hizo akiwa anapeleka barua usiku kwenye hali mbaya ya hewa. (Cha kuchekesha, safari ya Paris yenyewe hakubeba mwavuli. Alikuwa anapunguza uzito ili abebe mafuta. Kila kitu na hesabu yake.)

Mtasema hizo ni ndege za mbao na turubai. Haya, chukueni Novemba 2, 2013, jimbo la Wisconsin. Ndege mbili ndogo zilizobeba warukaji ziligongana hewani, na moja ikapoteza bawa ikawaka moto. Warukaji 9 walitoka. Rubani wa ile iliyokatika bawa naye akatoka, kwa mwavuli wake wa dharura. Wa pili akatua na ndege yake. Watu 11, hakufa hata mmoja.

Lakini hata hayo siyo yaliyonigeuza. Kilichonigeuza ni ndege zinazoitwa Cirrus. Hizi ni ndogo, za watu wachache, na zimeanza kuuzwa mwaka 1999 zikiwa na mwavuli wa ndege nzima. Mambo yakiharibika rubani anavuta mpini juu ya kichwa chake, mwavuli unafyatuka, ndege inashuka ikining'inia na watu wake ndani. Mara ya kwanza kumwokoa mtu ilikuwa 2002, Texas. Unadhani basi vifo viliisha? Wapi. Kwa miaka mingi marubani waliendelea kuanguka na kufa wakiwa na kimo cha kutosha na mpini uko palepale, hawakuuvuta. Wengine waliuvuta wamechelewa, ardhi imeshafika. Ikabidi mafunzo yabadilishwe, watu wafundishwe kuamua mapema, wafanye mazoezi hadi mkono uzoee njia ya kwenda kwenye ule mpini. Na marubani wa ndege za kivita wana ugonjwa huohuo: kiti cha kufyatuka anacho, lakini anasubiri, anajaribu tena kidogo, anasubiri, mpaka muda unakwisha.

Kwa nini mtu asivute? Nadhani najua, na sijajulia angani.

TP yangu ya kwanza, yaani mazoezi ya kufundisha, nilipewa kidato cha pili. Andalio la somo nililiandika usiku kucha, limepigwa mistari kwa rula, dakika tano za utangulizi, ishirini za maarifa mapya. Dakika ya kumi nilishaona darasa limenitoka. Nyuso zile unazijua, zinakutazama wewe lakini hazipo. Kitu cha kufanya nilikijua: funga andalio, rudi nyuma, uliza wameishia wapi. Sikufanya. Nilishikilia andalio hadi kengele, nikafundisha ukuta dakika 30, kwa sababu kuliacha ilikuwa ni kama kukiri kwamba nimeshindwa mbele ya msimamizi aliyekaa nyuma na kalamu. Mimi nilipoteza kipindi tu. Mwenye ndege anapoteza roho.

Kwa hiyo jibu langu, wadau: ndiyo, rubani wa ndege ndogo aruke. Aruke walau kidogo akiwa kijana, ili mwili wake ujue kwamba nje ya ule mlango kuna uhai. Mwoga wa mlango atabaki kitini hadi mwisho. Yuri Gagarin alikuwa rubani wa kivita, na bado walimrusha kwa miavuli mara kadhaa kabla ya safari yake, kwa sababu Aprili 12, 1961 ilibidi atoke kwenye chombo chake kilomita 7 juu na kutua na mwavuli wake. Na Valentina Tereshkova, mwaka 1963, hakuwa rubani kabisa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mrukaji wa klabu, na kuruka ndiko kulikompa nafasi.

Sasa tuje kwenye hii ya Diani. Wanachopanga kina kaka ni kuruka wakiwa wamefungwa kifuani kwa mwalimu. Mwalimu ndiye anayeamua lini watoke, ndiye anayefungua mwavuli, ndiye anayetua. Wewe ni mzigo unaopiga kelele. Kutoka kimo cha mita kama 3,000 au 4,000 unaanguka karibu kilomita 200 kwa saa kwa chini ya dakika moja, video inachukuliwa, unaposti. Raha sana, naamini, na mimi bumu likiruhusu nitaenda. Lakini uamuzi, ambao ndio tunaoutafuta, hujaufanya wewe. Chuo cha jeshi la anga la Marekani kule Colorado kina kozi ambayo mwanafunzi mara yake ya kwanza kabisa anatoka mlangoni peke yake, hajafungwa na mtu, na mwavuli anafungua mwenyewe. Kabla ya hapo anafundishwa chini kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo ningemtakia kaka.

Na kuna kifundo cha mguu. Wanaoanza kuruka huumia zaidi kwenye kutua, na rubani anaishi kwa cheti cha afya. Mwanafunzi wa ualimu akivunjika mguu anafundisha amekaa. Mwanafunzi wa urubani akivunjika mguu harushi ndege hadi daktari aridhike, na saa zake za mafunzo zinasimama huku pango la Nairobi linaendelea kulipwa, kwa kiwanja ambacho kimeshauzwa. Hapo mama mdogo yuko sahihi kabisa, ingawa hoja yake aliiweka kwa ukali.

Basi jana nikamwandikia kaka meseji ndefu kuliko hata hii. Nimemwambia maliza leseni kwanza, pata kazi, halafu kwa hela yako mwenyewe ukasome kozi kamili ya kuruka peke yako, siyo ya kubebwa. Nikamweleza na ya Cirrus. Akakaa kimya saa nzima, nikajua amekasirika. Kumbe alikuwa hewani.

Akajibu: "Sawa mwalimu, nimekuelewa. Diani naahirisha. Ila hiyo kozi naifanya. Sasa nani anamwambia mama?"

Hapo ndipo nilipokwama. Jumapili mama mdogo anapiga simu kutaka majibu, na alinituma nikamkanye, siyo nikampangie. Mwenye mbinu za kuongea na mama aliyeuza kiwanja, anisaidie kabla ya Jumapili.

Nawasilisha. Nalala, kesho nina kipindi saa moja asubuhi.